Docker Desktop, Rancher Desktop na Podman Desktop: mipangilio ya ipi inakufaa?

Binti anayefanya mafunzo kazini kwetu hapa Ntinda alinijia juzi amebeba laptopu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeepua sufuria. "Mwalimu, nimefunga kila kitu, lakini feni bado inalia." Nikaangalia. Dirisha la programu lilikuwa limefungwa kweli. Mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) iliyo nyuma ya dirisha hilo ilikuwa macho, nayo imejitwalia karibu nusu ya RAM yake ya GB 8.

Akaniuliza swali la karibu kila anayeanza Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena (programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji), kwenye kompyuta yake mwenyewe: kati ya Docker Desktop, Rancher Desktop na Podman Desktop, ipi nyepesi? Nimeishi na zote tatu kwa vipindi tofauti, na kwa maoni yangu uzito wao unakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Windows na macOS zote huwasha Linux ndogo, zikaendesha kontena humo, kisha zikakusimamishia klasta ya kujifunzia, yaani Kubernetes iliyo tayari kupokea kazi zako. Zinaachana kwenye ukurasa wa mipangilio. Jambo lile lile, moja inakupa kitufe, nyingine inakutaka uandike faili, ya tatu haikupi njia. Basi nitalinganisha mipangilio yao tu.

## Ninapimia nini

Vigezo vyangu ni vitano, na vimetokana na mazingira yetu. Cha kwanza ni RAM, maana laptopu nyingi ninazoziona Kampala ni za mitumba zenye GB 8, na anayeongeza hadi 16 anajikuna kweli. Cha pili ni bando. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, juu yake kuna VAT, na imeji moja ya kontena (faili ambalo kontena huwashwa kutoka kwake) inaweza kula bando la siku nzima ukiwa unakoroga chai. Cha tatu ni betri. Cha nne ni wepesi wa kugawana mipangilio na wenzako, kwa mfano kwenye maabara ya chuo yenye kompyuta thelathini. Cha tano ni leseni, ambayo wengi huikumbuka siku mkaguzi anapobisha hodi.

Kasi ya kuwaka sikuipima. Ukishaiwasha asubuhi unaisahau.

## RAM

Anza na jambo linalozihusu zote tatu, kwa sababu ndilo lililomtesa yule binti. Kwenye Windows, Docker Desktop na Rancher Desktop kwa kawaida hukaa juu ya WSL 2, njia ya Windows ya kuendesha Linux ndani yake, na Podman hukaa hapo pia usipoichagulia Hyper-V, mfumo mwingine wa mashine pepe wa Windows. WSL 2 ina mashine pepe moja tu kwa Linux zote unazoziendesha, na usipoiambia kitu inajiruhusu kufika nusu ya RAM ya kompyuta. Ndiyo maana ukiingia kwenye mipangilio ya Docker Desktop kutafuta mahali pa kupunguza RAM hupaoni. Unaandika faili liitwalo `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji:

```
[wsl2]
memory=3GB
processors=2
```

Halafu unatoa amri `wsl --shutdown`, unawasha programu upya. Faili hilo moja linazitosha zote tatu. Tulipoliandika, feni ya binti ikanyamaza kabla hajarudi mezani kwake. Ukitaka kumwona mla RAM mwenyewe, fungua Task Manager utafute jina linaloanza na Vmmem.

Kwenye Mac mambo ni tofauti. Docker Desktop ina mistari ya kuburuta kwa RAM, CPU, swap na ukubwa wa diski. Rancher Desktop ina ya RAM na CPU, na watengenezaji wake wanapendekeza kompyuta yenye GB 8 na CPU 4, kwa hiyo ukiwa na hizo 8 kamili jua uko ukingoni. Podman Desktop inakuonyesha mashine yake kwenye ukurasa wa rasilimali, unaihariri, inazimwa na kuwashwa tena.

Penye tofauti kubwa kuliko zote ni Linux, na hapa nashangaa kwa nini haisemwi zaidi. Docker Desktop na Rancher Desktop, hata ndani ya Ubuntu, bado huwasha mashine pepe. Podman haifanyi hivyo. Kontena zake zinakimbia moja kwa moja juu ya Linux yako, na Podman Desktop inabaki kuwa dirisha la kutazamia. Mwenye Ubuntu na GB 8 anaokoa RAM kubwa bila kugusa mpangilio wowote.

Klasta nayo ina sehemu yake. Rancher Desktop hutumia K3s, Kubernetes iliyopunguzwa mwili. Walioiita hivyo walitaka kitu cha nusu ya ukubwa: Kubernetes ina herufi 10 ikaandikwa K8s, nusu yake ni 5, ikawa K3s. Unaweza kuizima kwa tiki moja ukabaki na kontena tupu, na nakushauri uizime siku ambazo huigusi. Docker Desktop huja na Kubernetes ikiwa imezimwa, unaiwasha mwenyewe, ama kwa njia ya zamani ya kubeadm ama kwa kind, zote zana za kuunda klasta. Podman Desktop haina klasta yake. Unaongeza kiendelezi cha kind au Minikube, unaunda klasta, ukimaliza unaifuta. Wengine wanaona usumbufu. Mimi kwenye kompyuta ndogo naona adabu nzuri, kwa sababu klasta haikai ndani kama mgeni aliyesahau kuondoka.

## Bando

Hapa ndipo pesa inapotokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rancher Desktop inakuuliza mwanzoni kabisa uchague injini ya kontena: containerd au Moby, yaani ile ya Docker. Watu huchagua haraka haraka, kesho yake wakabadilisha. Imeji ulizozivuta ukiwa na injini moja hazionekani kwenye nyingine, hivyo kubadilisha injini ni kulipia upakuaji upya. Amua siku ya kwanza. Kama umezoea amri za `docker`, chukua Moby, na imeji utakayoijenga klasta itaiona hapo hapo. Ukichukua containerd utatumia `nerdctl`, na lazima ukumbuke kujenga kwa `nerdctl --namespace k8s.io build`, la sivyo klasta itasema haiijui imeji yako wakati wewe unaiona kwa macho.

Faida ya Rancher Desktop ni kwamba toleo la Kubernetes unalichagua mwenyewe kwenye orodha, na kila toleo jipya unalochagua linapakuliwa. Ukipanda toleo, kazi zako zinabaki kwenye klasta. Ukishuka, klasta inasafishwa na vilivyomo vinaondoka, ingawa imeji zinasalia. Kama chuo chenu au mteja wenu ana toleo fulani, liweke mara moja uache kucheza nalo. Kwenye Docker Desktop, ukiwa na kubeadm, toleo linakuja na programu yenyewe. Ukitumia kind unapata nafasi ya kuchagua.

Docker Desktop inashinda kwa kitu kimoja ambacho ofisi zenye watu watano na kuendelea hazipaswi kukipuuza: ukurasa wa injini, ambapo unaandika JSON moja kwa moja. Hapo unaongeza `registry-mirrors` na anwani ya kompyuta moja ya ofisini inayohifadhi nakala za imeji. Mtu wa kwanza anaivuta imeji kutoka nje, waliobaki wanaichukua ndani ya ofisi bila kugusa bando. Mpangilio huo unahusu imeji za Docker Hub (ghala la imeji la mtandaoni) tu, lakini kwa wanaojifunza hizo ndizo nyingi. Kuna faida ya pili: tangu Novemba 2020 Docker Hub ina kikomo cha uvutaji kwa wasioingia na akaunti, na kikomo hicho kinahesabiwa kwa anwani ya IP. Ofisi nzima nyuma ya ruta moja inahesabika kama mtu mmoja mlafi. Rancher Desktop na Podman Desktop zinaweza kufanya kazi hiyo ya nakala, ila utaingia ndani ya mashine pepe kuandika faili za mipangilio. Kwa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, hapo ni porini.

Masasisho yanahitaji jicho. Zote tatu hujitafutia toleo jipya, na kisakinishi ni mamia ya MB. Docker Desktop na Rancher Desktop zina tiki za kusimamisha tabia hiyo. Podman Desktop hukuuliza, nayo unaweza kuiambia isikukumbushe. Mimi nimezima zote na huwa nasasisha mwisho wa mwezi nikiwa kwenye waya wa ofisi. Usiache hadi mwaka uishe, matundu ya usalama hayasubiri bando.

Hila moja ambayo haimo kwenye mipangilio yoyote: flashi. `docker save` kwenye kompyuta moja, `docker load`, `podman load` au `nerdctl load` kwenye nyingine. Darasa zima linaweza kulishwa na flashi moja ya GB 16. Angalia tu kwamba imeji yenye lebo ya `latest`, au isiyo na lebo, Kubernetes huenda kuiulizia mtandaoni kila mara hata kama unayo. Ipe lebo ya namba, au andika `imagePullPolicy: IfNotPresent`. Nimeshuhudia mtu akinunua bando mara mbili kwa siku kwa kosa hilo, naye akilaumu mtandao.

Proksi, yaani seva ya kupitishia intaneti, ni fupi. Mitandao mingi ya vyuo inaihitaji. Docker Desktop na Podman Desktop zina ukurasa wake kwenye mifumo yote, Rancher Desktop inayo kwenye upande wa WSL katika Windows.

## Betri na kujiwasha

Kwa Mganda, neno Umeme lilikuwa jina la kampuni ya usambazaji hadi 31 Machi 2025, kampuni ya serikali ya UEDCL ilipochukua kazi. Ninaposema umeme umekatika, basi, namaanisha umeme wenyewe.

Ukikatika, unabaki na betri, na betri ya laptopu ya mitumba haina huruma. Mpangilio wa kwanza kuutafuta ni ule wa programu kujiwasha unapoingia kwenye kompyuta. Uzime. Hakuna sababu ya klasta kuamka kwa sababu umefungua Word kuandika barua.

Rancher Desktop ndiyo inayosema wazi kuliko zote. Kwenye ukurasa wa tabia zake unachagua ijiwashe au la, iwake ikiwa imejificha au la, na ukifunga dirisha ijizime kabisa. Tiki hiyo ya mwisho ndiyo ingemwokoa binti wetu. Docker Desktop ukifunga dirisha inaendelea kimya kimya, na kuizima unaenda kwenye ikoni ya nyangumi. Kwa upande mwingine ina usingizi: kontena zisipokimbia kwa muda, inapunguza matumizi yenyewe. Usitegemee usingizi huo ukiwa umewasha Kubernetes, kwani klasta ina kazi zake ndogo ndogo saa zote. Podman Desktop ina mpangilio wa kujizima dirisha likifungwa, lakini mashine ya Podman ni kitu cha pembeni. Jizoeshe `podman machine list`, na ukiikuta inakimbia, `podman machine stop`.

Kwa Windows, yote yakishindikana, `wsl --shutdown` inazima kila kitu kwa mkupuo.

## Kugawana mipangilio

Rancher Desktop imefikiriwa vizuri hapa. Ina amri yake, `rdctl`. Badala ya kumtumia mwenzako picha kumi za skrini kwenye WhatsApp, unamtumia mistari mitatu:

```
rdctl set --container-engine.name=moby
rdctl set --kubernetes.enabled=false
rdctl set --application.auto-start=false
```

`rdctl list-settings` inakutolea mipangilio yote kama JSON. Msimamizi wa maabara anaweza kwenda mbali zaidi kwa kuweka wasifu: kwenye Linux ni faili la `/etc/rancher-desktop/defaults.json` kwa mipangilio ya kuanzia, na `locked.json` kwa ile asiyotaka wanafunzi waiguse, ikiwamo orodha ya imeji zinazoruhusiwa. Yote bure.

Docker Desktop huhifadhi mipangilio kwenye faili la `settings-store.json`, unaweza kulinakili. Kuifunga mipangilio kwa kundi zima ni huduma ya usajili wa juu wa kulipia. Podman Desktop nayo ina `settings.json` yake, ila RAM na CPU hazimo humo, hizo ni za mashine. Kwenye Mac unaandika `podman machine init --cpus 2 --memory 4096` ndani ya skripti ya darasa, mambo yakaisha. Kwenye WSL namba hizo hazina kazi, rudi kwenye `.wslconfig`.

Tahadhari kwa wanaosakinisha mbili kwa pamoja ili wajaribu. Kila moja inaandika jina la klasta yake kwenye faili lile lile la kubectl, amri ya kuongozea klasta: utaona `docker-desktop`, `rancher-desktop`, pengine `kind-kind-cluster`. Niliwahi kutoa `kubectl apply` nikidhani niko nyumbani, kumbe nilikuwa nimeelekezwa kwenye klasta ya majaribio ya mteja. Hakuna kilichovunjika, ila simu niliyoipokea jioni ile bado naikumbuka. `kubectl config current-context` kwanza, ndipo mengine.

Jambo jingine dogo: K3s ya Rancher Desktop huja na Traefik, programu ya kupokea maombi ya wavuti, ambayo hushika mlango wa 80 na 443. Wanafunzi wengi wana XAMPP, na Apache iliyomo, seva ya wavuti, inataka mlango huo huo. Kuna tiki ya kuwasha Traefik. Itoe kabla hujaanza kuilaani Apache.

## Leseni

Rancher Desktop, ya SUSE, na Podman Desktop, iliyoanzishwa na Red Hat, ni programu huria. Tumia utakavyo. Docker Desktop ni bure kwa mtu binafsi, elimu, miradi huria isiyo ya biashara, na kampuni ndogo: wafanyakazi chini ya 250 na pia mapato ya mwaka chini ya dola milioni 10. Ukivuka kimojawapo unalipa, na taasisi za serikali zinalipa hata zikiwa ndogo. Anayefanya kazi wizarani au halmashauri aanzie hapa, vigezo vingine vifuate.

## Nani ataelewana na ipi

Docker Desktop inamfaa anayefuata mafunzo ya mtandaoni, maana mengi yameandikwa yakiichukulia kuwa ipo, na ofisi ndogo inayotaka kugawana imeji kwa JSON ya mistari miwili. Itamchosha anayetaka kuibana kila kona bila kulipa.

Rancher Desktop inamfaa ambaye kazi yake ni Kubernetes yenyewe na anataka kuchagua toleo, na mwalimu anayesimamia kompyuta nyingi. Ina vitufe vingi, na mgeni anaweza kupotea siku mbili kabla hajajua tofauti ya injini.

Podman Desktop inamfaa mtu wa Linux kwanza, na yeyote anayetumia kontena kila siku lakini klasta mara moja kwa mwezi. Jitayarishe kwa vizuizi vidogo: baadhi ya mafunzo hudhani kuna soketi ya Docker (mahali programu nyingine huongea nayo), na kind juu ya Podman huhitaji subira zaidi.

## Kwa hali yako

Uko Kikoni au Wandegeya, mwanafunzi, Windows na GB 8: andika `.wslconfig` kwanza, kabla ya kuchagua chochote. Halafu chukua ile anayoitumia mwalimu wako, ili siku ukikwama kuna mtu wa kumwuliza. Kama hana anayoitumia, Docker Desktop na Kubernetes imezimwa hadi wiki utakayoihitaji.

Una Ubuntu kwenye ThinkPad ya zamani: Podman, na kind unapotaka klasta. RAM utakayookoa utaiona mwenyewe.

Mko ofisi ya watu sita wenye ruta moja: wekeni kompyuta ya nakala za imeji. Docker Desktop itawarahisishia mpangilio huo, kama mko ndani ya leseni. Kama mmoja wenu hana hofu na faili za Linux, Rancher Desktop inafika pale pale kwa njia ndefu.

Unasimamia maabara, Gulu, Mbarara au popote: Rancher Desktop na wasifu wake, flashi ya imeji mkononi, masasisho yamefungwa hadi likizo.

Uko serikalini: Rancher au Podman, isipokuwa bajeti ya Docker imeshapita kwa mhasibu.

Na yule binti? Amebaki na Rancher Desktop yake. Tuliweka tiki ya kujizima dirisha likifungwa, tukatoa ya Traefik, na jana alikuwa akiuliza kwa nini podi yake (kontena zake ndani ya Kubernetes) inasema `ImagePullBackOff`, yaani imeji imeshindikana kuvutwa. Ilikuwa lebo ya `latest`.